Kikapu cha Rangi za Maji: Kutoka Iringa Hadi Kitulo

Neno "mchoraji" likitajwa, wengi wetu tunamwona mwanamume mwenye chumba chake, meza yake, na makopo ya rangi yaliyotapakaa sakafuni. Hapa nchini picha hiyo imetiwa nguvu na Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, na wanafunzi waliomfuata walitumia rangi ya kung'aa inayopakwa kwenye baiskeli na milango, juu ya mbao. Ni kazi nzuri na inapendwa duniani. Lakini rangi ile inanuka, na ikimwagika kwenye kanga ndiyo basi tena. Mama mwenye mtoto anayetambaa hawezi kuiweka sebuleni.

Rangi za maji ni jambo jingine. Hazinuki, zinaoshwa kwa maji matupu, na vifaa vyake vyote vinaingia katika kikapu kimoja. Mtoto akilia unaweka brashi chini, unamnyonyesha, unaonja mboga jikoni, na ukirudi baada ya saa nzima rangi iliyokauka unailowesha tu na kuendelea pale ulipoachia. Hatujui kazi nyingine ya mikono inayovumilia kukatizwa namna hii, ukiacha kusuka.

Mwezi wa Januari, sisi akina mama watatu, walimu wawili na fundi cherehani mmoja, tulisafiri kutoka Iringa hadi Mbeya na kupanda Kitulo, tukichora njiani. Swali letu lilikuwa hili: je, mama wa huku Nyanda za Juu Kusini anaweza kuichora nchi yake kwa vitu vinavyopatikana hukuhuku, bila kungoja rangi na karatasi za Ulaya zinazouzwa kwa bei ya gunia la mahindi?

Kwanza kikapu chenyewe. Kilikuwa cha milulu, kama vile wanavyosuka akina mama wa Iringa. Ndani yake kulikuwa na bati bapa la pipi, na ndani ya bati tulibandika vizibo sita vya soda. Kila kizibo kilijazwa rangi laini, ikaachwa ikauke siku mbili. Kifuniko cha bati ndicho sahani ya kuchanganyia. Kulikuwa na brashi tatu: kubwa ya anga, ya kati, na nyembamba ya majani. Brashi nzuri huijui kwa bei. Ilowanishe, ikung'ute mara moja. Nywele zikikutana na kuwa na ncha kama sindano, inunue. Zikibaki zimetawanyika kama ufagio, iache dukani. Tulibeba pia kibao chepesi, vibanio vya nguo vya kushikia karatasi, penseli, kipande cha kanga kuukuu cha kufyonzea maji, na chupa mbili za maji. Mbili, kwa sababu maji ya kusuuzia brashi yanachafuka upesi, na ukichanganyia rangi ya njano maji hayohayo unapata rangi ya matope.

Bati hilo lina historia ndefu. Zamani mchoraji alilazimika kusaga rangi yake mwenyewe. Mwingereza William Reeves alifanikiwa kutengeneza vidonge vigumu vya rangi za maji, akapewa tuzo mwaka 1781, na tangu hapo watu wakaweza kutembea na rangi mfukoni. Mwaka 1832 William Winsor na Henry Newton walifungua duka lao London, wakatia gliserini ili vidonge visikauke kama jiwe. Ni gliserini ileile tunayowapaka watoto midomo ikipasuka kwa baridi ya Juni. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand akapata hataza ya tyubu ya rangi iliyotengenezwa kwa madini laini.

Iringa tulipanda Gangilonga, jiwe linaloongea kama Wahehe wanavyoliita, ambalo masimulizi yanasema Chifu Mkwawa alikuwa akikaa juu yake na kutafakari. Kutoka pale mji wote uko chini yako. Tulisalimiwa "Kamwene!" na vijana waliokuja kusoma juu ya jiwe, nao wakakaa kututazama. Anga ilitupa kazi rahisi: maji mengi, bluu kidogo, mkono mwepesi. Kazi ngumu ilikuwa karatasi. Karatasi ya daftari ina uzito wa kama gramu 60 kwa mita ya mraba. Ukiilowanisha inajikunja kama chapati iliyokauka. Manila ya madukani inavumilia zaidi, lakini ukisugua mara ya tatu inaanza kutoa nyuzi. Karatasi ya kweli ya rangi za maji ina gramu 300, na ile bora hutengenezwa kwa pamba.

Hapa fundi cherehani wetu alicheka sana tulipomweleza karatasi hiyo ilikotoka. Kwa mamia ya miaka Ulaya ilitengeneza karatasi kwa matambara. Watu walizunguka mitaani wakinunua mashuka na mashati yaliyochakaa, yakalowekwa, yakapondwa hadi kuwa uji, ndipo ikatoka karatasi. Kiwanda cha Arches huko Ufaransa, ambacho karatasi yake wachoraji wanaitafuta hadi leo, kilianza mwaka 1492. "Kumbe vipande ninavyofagia kila jioni ni karatasi!" akasema. Sisi tunalima pamba Simiyu na Shinyanga, na masoko yetu yamejaa mitumba, lakini karatasi ya pamba tunaiagiza kwa meli.

Hata hivyo Iringa ina karatasi yake. Mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kilianzishwa kituo cha Neema Crafts kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Kilianza na vijana watatu viziwi, na kazi iliyokitangaza ni karatasi ya kinyesi cha tembo. Mama msomaji, usikunje pua. Tembo hameng'enyi hata nusu ya anachokula, hivyo nyuzi za majani na magome hutoka karibu kama zilivyoingia. Huoshwa, huchemshwa kwa muda mrefu, hupondwa pamoja na karatasi zilizokwisha kutumika, kisha uji huo huchotwa kwa chekeche bapa, hukandamizwa na kuanikwa. Haina harufu yoyote. Ina rangi ya hudhurungi hafifu, na ukiiinua juani unaona vijiti vya nyasi ndani yake.

Karatasi za mkono za aina hiyo hufaa sana kwa kadi. Kwa rangi za maji zina tabia moja: zinanywa. Tone la bluu lilizama na kutanuka kama chai ndani ya andazi. Sababu ni kwamba haikutiwa kitu cha kuziba vinyweleo. Waarabu, waliojua kazi ya karatasi karne nyingi kabla ya Ulaya, walipaka wanga wa ngano. Waitaliano baadaye wakatumia jelatini itokanayo na ngozi na mifupa. Wanga tunao. Mwenzetu mmoja alipika uji mwepesi wa wanga wa muhogo, mwembamba kuliko ule wa kukaushia kola za mashati, akaupaka pande zote mbili kwa brashi pana, tukaanika usiku kucha. Asubuhi rangi ilikaa juu. Kingo zilibaki na manyoya kidogo, na weupe safi haupatikani. Kwa mawe, nyasi kavu na kuta za udongo, karatasi hiyo ni tamu kabisa. Kwa uso wa mtoto au petali nyembamba ya ua, hapana. Tumia manila nzito, uipake uji huohuo wa wanga.

Rangi ya udongo ndiyo iliyotufurahisha kuliko yote. Kilomita kama 20 kutoka mjini kuna Isimila, bonde la nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ambako mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimbua zana za mawe za watu wa kale sana. Nguzo zile ni za rangi ya chungwa chini, na nyeupe kijivu juu. Ndani ya hifadhi huokoti kitu, na ndivyo inavyopasa. Lakini udongo mwekundu wa Iringa uko kila mahali barabara ilipokata kilima. Tulichukua viganja viwili kando ya njia.

Namna ya kuutengeneza ni hii. Ponda udongo, utie katika beseni la maji, koroga, acha mchanga utue kwa kitambo kifupi, kisha mimina maji yenye rangi katika chombo kingine. Rudia mara tatu. Acha yatulie hadi kesho, mwaga maji yaliyo safi juu, anika tope laini lililobaki. Hilo ndilo unga wa rangi. Kinachoushikisha kwenye karatasi ni gundi ya mgunga, ule utomvu unaotoka kwenye gome na kukauka kama kaharabu. Sudan ndiyo inayotoa mwingi zaidi duniani, lakini hata hapa nchini watu huukusanya, Singida na kwingineko. Sehemu moja ya gundi iyeyuke katika sehemu mbili za maji ya moto, ongeza asali kidogo ili rangi isipasuke ikikauka, na tone la mafuta ya karafuu ili isiote ukungu. Saga pamoja na unga juu ya kioo hadi usisikie chembe. Watoto wanaweza kufanya kazi hii yote isipokuwa kushika kioo, na rangi ya udongo safi haina neno. Rangi za dukani ni tofauti: nyingine zina kadimi au kobalti, ambazo si salama zikimezwa. Mzoeze mtoto tangu siku ya kwanza asilambe brashi ili kuichonga ncha.

Si sisi tulioanza. Karibu na mji wa Iringa, kwenye mwamba wa Igeleke, kuna michoro ya kale ya rangi nyekundu, ya watu na wanyama, nayo ilichorwa kwa udongo wa namna hiyohiyo. Michoro mingi zaidi iko Kondoa, ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 1951 Mary Leakey, aliyekuwa mama wa watoto watatu wa kiume, alipiga kambi Kondoa akiinakili mchoro kwa mchoro, kwanza kwa karatasi angavu, kisha kwa rangi. Tulipenda kusikia habari zake, maana kazi yake ilikuwa ya subira tu: kutazama, kupima, kupaka.

Kutoka Iringa tulipita Mafinga, tukaingia Mufindi kwenye chai. Hapo rangi za maji zilitufundisha adabu. Ukungu ulishuka saa tatu asubuhi na karatasi haikukauka hadi mchana. Njiani kabla ya Iringa, kwenye mibuyu ya bonde la Ruaha, rangi ilikauka kabla mkono haujamaliza mstari. Mufindi ilikataa kukauka kabisa. Mama mmoja muuza chai alituonea huruma, akaturuhusu kukaa karibu na jiko lake. Tulishika karatasi mbali na moto, na uso wake ukiangalia juu, rangi isije ikateremka.

Mufindi pia ndiko inakotoka karatasi nyingine ya nyumbani. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilijengwa na serikali ili kutumia misonobari ya Sao Hill, kikaanza kazi katikati ya miaka ya 1980, kikasimama miaka ya 1990, na mwaka 2004 kikauzwa kwa kampuni binafsi kutoka Kenya. Kinachotoka huko ni karatasi ya kaki ya mifuko na makasha. Wachoraji wengi wanaidharau. Sisi tunaipenda. Nyuzi za misonobari ni ndefu na haichaniki upesi. Rangi yake ya kahawia ni kama nusu ya picha imekwisha kuchorwa: unaweka giza, kisha unaweka mwanga kwa rangi nyeupe nzito, na ukungu wa Mufindi unatokea wenyewe. Kasoro yake ni kwamba kaki hufifia na kukauka ikikaa juani miaka mingi, hivyo usiichoree picha ya harusi ya binti yako.

Mbeya tulifikia chini ya mlima Loleza, baridi imetukaza vidole. "Ugonile," wakatusalimu majirani Wanyakyusa. Huko tulikuwa tumepungukiwa na bluu, na hapo ndipo tulipokumbuka ile bluu ya unga waliyotumia mama zetu kung'arishia mashuka meupe. Bluu ile ya zamani ni rangi halisi ya wachoraji. Hapo kale ilisagwa kutoka jiwe la thamani lililotoka Afghanistan, ghali kama dhahabu. Mwaka 1828 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alishinda tuzo kwa kuitengeneza kiwandani, na bei ikashuka hadi ikafika kwenye beseni la kufulia. Tulipata kifuko Mwanjelwa, tukakisaga na gundi ya mgunga. Uwe mwangalifu, maana bluu nyingine za siku hizi, hasa za majimaji, ni rangi ya nguo tu na hufifia. Ya unga ikitua chini ya glasi ya maji ikaacha maji karibu meupe, hiyo ndiyo.

Kwa bluu hiyo, njano ya dukani na udongo wetu mwekundu tulipata kijani cha migomba ya Rungwe, kijani cha chai na kijani cheusi cha misonobari. Usinunue kijani kilichotengenezwa tayari. Sokoni tuliona pia vyungu vya Wakisi, akina mama wa mwambao wa Ziwa Nyasa, vilivyopambwa kwa udongo mwekundu na mweupe. Wale hawahitaji somo letu la udongo. Ni sisi tungekaa miguuni pao.

Safari ya Kitulo huanzia Chimala, kwa barabara ya kona 57 inayopanda ukuta wa mlima hadi Matamba. Tulizihesabu kwa sala. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari, na wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na sababu kubwa ilikuwa maua: kuna aina kama 350 za mimea, na kati yake aina 45 ni za okidi. Januari uwanda wote ni waridi, njano, zambarau na nyeupe, na upepo hauachi ua litulie. Ulitubidi mtindo mwingine wa kazi. Tulipiga magoti, tukachora umbo kwa penseli, tukapaka rangi ya ua tu, na majani tukayamalizia tukiwa ndani ya gari. Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa habari za simba Elsa, alianza hivyo Kenya: maua ya mwituni kwa rangi za maji, kazi iliyompa nishani ya bustani ya Uingereza mwaka 1947, kabla hajachora watu wa makabila ya Kenya.

Katika hifadhi hairuhusiwi kuchuma ua wala kung'oa mzizi. Lakini okidi za nyanda hizi zina tatizo ambalo mgeni halioni. Chini ya ardhi zina viazi vidogo, na Zambia viazi hivyo husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa kitafunwa kigumu kama mkate, kiitwacho chikanda. Kinapendwa huko, na okidi za kwao zimepungua, kwa hiyo wanunuzi wamekuwa wakizifuata Makete na Mbeya. Kiazi kikichimbwa, mmea umekwisha.

Jioni, Matamba, tulianika karatasi zetu barazani kwa vibanio vya nguo. Mama mmoja wa rika letu alisimama na binti yake wa darasa la tano. Akaangalia okidi ya waridi tuliyochora, akasema, "Hii tunaijua. Tulikuwa tunaichimba."

Tukamkaribisha akae. Alisema alianza kuchimba mwaka ambao mumewe aliugua, na fedha hiyo ndiyo iliyonunua sare na madaftari ya watoto wawili wa kwanza. Alituonyesha kwa kidole kilima kilicho nje ya mipaka ya hifadhi. "Pale palikuwa pote hivi," akagusa ua la kwenye karatasi. "Sasa unaweza kutembea asubuhi nzima usilione." Kisha akauliza swali ambalo lilitunyamazisha: "Dada zangu, hii picha mnauza shilingi ngapi?"

Hatukuwahi kuuza. Tukamwambia hivyo. Tukamweleza pia kuwa Iringa watu wanapata riziki kwa kadi za karatasi ya mkono, na kwamba wageni wanaopanda Kitulo kutazama maua hushuka mikono mitupu kwa sababu hakuna cha kununua chenye ua la Kitulo. Alisikiliza kwa makini, mkono shavuni. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza kama wanga wa viazi mviringo, vinavyolimwa kwa wingi huko, unafaa badala ya muhogo. Unafaa.

Binti alikuwa ameshachukua brashi nyembamba. Tulimpa kipande cha kaki na bati, naye akachora okidi, si ile yetu ya waridi bali nyingine, nyeupe yenye mkia mrefu nyuma, ambayo sisi hatukuiona uwandani. Mama yake akainama kutazama. Akamwambia kwa Kikinga jambo ambalo hatukulielewa, na mtoto akafuta jani moja kwa kanga, akalichora upya, jembamba zaidi.

Duka la Matamba lilikuwa na manila nyeupe na ya njano. Tulinunua tano nyeupe, tukazikata vipande vinne vinne. Bati la vizibo sita tuliliacha pale barazani. Bati jipya tunaweza kulitengeneza Iringa. Pipi na soda ziko kila mahali.